Shule Kuu ya Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Historia na Hadhi Yake

Anayefuatilia wasifu wa majaji, mawaziri na mawakili waliojulikana Tanzania tangu uhuru, pamoja na wa wenzao kadhaa wa Kenya na Uganda, hukutana tena na tena na sehemu moja: Mlimani, Dar es Salaam. Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na wanafunzi wa kidato cha sita wanaofikiria kusomea sheria, wazazi wao, na wasomaji wa historia wanaotaka kujua sifa ya shule hii ilitoka wapi na kama bado inastahili. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

Shule hii ilianzishwa lini, na ilianzia wapi?

Ilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita na ushei kabla Tanganyika haijapata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo. Siku hiyo kilizinduliwa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na kitivo kilichokuwapo kilikuwa kimoja tu, cha sheria. Kwa hiyo anayesema kwamba Kitivo cha Sheria ndicho kilichozaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hatii chumvi. Wanafunzi wa kwanza hawakuzidi 15, nao walisomea katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, katikati ya jiji, kwa sababu chuo hakikuwa na majengo yake. Mwaka 1964 chuo kilihamia kwenye kilima kilichoko umbali wa kilomita 13 hivi magharibi mwa jiji, mahali ambapo watu wamezoea kupaita Mlimani mpaka leo. Baadaye kitivo kilibadilishwa na kuwa Shule Kuu ya Sheria, lakini wahitimu wa zamani wengi bado husema tu "Kitivo", na wenzao huwaelewa.

Kwa nini walianza na sheria, badala ya udaktari au uhandisi?

Udaktari ulikuwa ukifundishwa Makerere tangu miaka ya 1920, na Nairobi ilikuwa na chuo cha ufundi na uhandisi. Sheria haikufundishwa popote Afrika Mashariki kwa kiwango cha shahada. Mwafrika aliyetaka kuwa wakili alilazimika kusafiri hadi London, akajiunga na mojawapo ya vyama vya kale vya mawakili wa huko, akalipa gharama ambazo familia chache mno zingezimudu, au akabahatika kupata ufadhili. Serikali ya kikoloni haikuwa na haraka ya kutoa ufadhili huo. Uzoefu wa India na wa Afrika Magharibi ulikuwa umeifundisha kwamba wakili wa leo ni mwanasiasa wa kesho, tena mwanasiasa anayejua kuisoma sheria ya mkoloni na kuigeuza dhidi yake.

Matokeo yake ni kwamba Tanganyika ilikaribia uhuru ikiwa na mawakili Waafrika ambao hesabu yao isingemaliza vidole vya mkono mmoja. Kazi ya uwakili ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Wakati huohuo nchi ilihitaji mahakimu, wanasheria wa serikali, waandishi wa miswada na mabalozi. Kamati iliyoongozwa na jaji wa Uingereza, Lord Denning, ilichunguza elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na taarifa yake ya mwaka 1961 ikapendekeza mafunzo hayo yafanyike Afrika kwenyewe. Haja hiyo ilizidi mwaka 1963, pale serikali ilipoziunganisha mahakama za machifu na mahakama nyingine katika mfumo mmoja wa taifa, uliomtaka hakimu wa wilayani ajue sheria za mila za watu waliofika mbele yake pamoja na sheria zilizoandikwa.

Je, ni kweli kwamba wakati fulani kilikuwa kitivo cha Afrika Mashariki nzima?

Ni kweli, na hapa ndipo sifa yake ya kuvuka mipaka ilipoanzia. Mwaka 1963 kiliundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikiwa na vyuo vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, ambavyo viligawana kozi ghali ili pasiwe na kurudia kazi ileile mara tatu. Dar es Salaam ilipewa sheria. Mkenya au Mganda aliyetaka shahada ya sheria bila kwenda ng'ambo alipanda basi au treni kuja pwani, akakaa bweni moja na Watanzania, akafundishwa na walimu walewale. Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968 na Nairobi mwaka 1970. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa, kila nchi ikabaki na chake, na Mwalimu Nyerere akawa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Kipindi hicho kifupi kiliacha alama kubwa. Benjamin Odoki, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Uganda kuanzia mwaka 2001 hadi 2013, alihitimu Dar es Salaam mwaka 1969. Amos Wako, Mwanasheria Mkuu wa Serikali ya Kenya kwa miaka 20 kuanzia 1991, naye ni wa wakati huohuo. Willy Mutunga alihitimu mwaka 1971, akarudi kwa shahada ya umahiri, na miongo minne baadaye akawa Jaji Mkuu wa kwanza wa Kenya kuteuliwa chini ya Katiba ya mwaka 2010.

Walimu wa mwanzo walikuwa nani?

Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa A. B. Weston, na chuo chote kiliongozwa na Cranford Pratt kutoka Kanada. Miongoni mwa walimu wa mwaka ule wa kwanza walikuwamo William Twining na Patrick McAuslan, wote wawili vijana wakati huo, na wote wawili walikuja kuwa majina makubwa katika taaluma ya sheria duniani. Kuhusu Twining kuna jambo ambalo historia imelipanga kwa namna yake: alizaliwa Kampala, na baba yake, Sir Edward Twining, alikuwa Gavana wa Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958, gavana yuleyule aliyepambana na TANU ilipokuwa ikichipuka. Miaka mitatu baada ya baba kuondoka Ikulu ya Dar es Salaam, mwana alikuwa akifundisha sheria ndani ya jengo la TANU.

Mwaka 1963 alijiunga Yash Ghai, Mkenya aliyesomea Oxford na Harvard, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kitivo kabla ya kuondoka mwaka 1971. Ghai na McAuslan waliandika pamoja utafiti mkubwa juu ya sheria za utawala na mabadiliko ya kisiasa nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 1970. Kazi kama hiyo ilihitajika sana, kwa sababu walimu wa mwanzo walikuta hakuna kitabu hata kimoja cha kiada kinachoeleza sheria ya Afrika Mashariki kwa mwanafunzi. Walikusanya hukumu, amri za serikali na maelezo ya mila, wakavichapa na kuvigawa darasani. Jarida la sheria la kitivo, Eastern Africa Law Review, lilianza kutoka mwaka 1968, nalo likawa mahali pa kuhifadhi na kupima utafiti huo.

Watu husema kuna "mkabala wa Dar es Salaam" katika kufundisha sheria. Maana yake nini hasa?

Hili ndilo swali linalogusa kiini cha hadhi ya shule hii, na linastahili kujibiwa kwa mfano.

Chukua sheria ya mwaka 1923 iliyosimamia uhusiano kati ya bwana na mtumishi Mwafrika katika Tanganyika. Mwanafunzi wa sheria aliyelelewa katika mazoea ya Kiingereza angefundishwa kwamba mkataba wa kazi ni makubaliano ya watu wawili walio huru, na kwamba anayeuvunja hudaiwa fidia. Lakini chini ya sheria ile kibarua wa mkonge aliyetoroka shamba alihesabiwa kuwa mhalifu na aliweza kufungwa. Mkabala wa Dar es Salaam humtaka mwanafunzi asiishie kwenye maneno ya kifungu. Anatakiwa aulize kwa nini kilitungwa wakati ule, mashamba ya mkonge yalikuwa na shida gani ya nguvukazi, nani alinufaika, nani alilipa gharama, na ni sehemu gani ya mantiki hiyo ilibaki katika sheria za baada ya uhuru. Uchambuzi wa kina wa sheria za kazi kwa namna hii ulifanywa na Issa Shivji, aliyesoma hapo katika miaka ya 1960 na kufundisha hadi alipostaafu mwaka 2006. Huenda hakuna jina jingine linalotajwa pamoja na kitivo hiki mara nyingi kama lake.

Mbegu ya mkabala huo ilikuwapo tangu mwanzo, kwa kuwa hata walimu waliotoka Uingereza waliona upesi kwamba hukumu za London zisizohusishwa na maisha ya Moshi au Lindi zingekuwa maneno matupu. Twining mwenyewe alikwenda nayo mbegu hiyo Uingereza. Yeye na McAuslan walikutana tena katika Chuo Kikuu cha Warwick, ambako shule mpya ya sheria ilijengwa juu ya wazo la kuisoma sheria ndani ya mazingira yake, na mfululizo wa vitabu vya kiada wenye mwelekeo huo ulianzishwa mwaka 1970 Twining akiwa mmoja wa wahariri wake. Ni mara chache chuo kichanga cha Afrika kimeathiri namna sheria inavyofundishwa katika nchi iliyokitawala, na kwa maoni ya mwandishi jambo hili halijapewa uzito unaolistahili hapa nyumbani.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mkabala ulichukua sura ya kimapinduzi zaidi, ukachota kwa wingi katika fikra za Karl Marx. Wakosoaji walidai kwamba wahitimu walijua historia ya ubeberu kuliko kuandika hati ya madai. Lawama hiyo haikukosa msingi wote, lakini majaji waliotoka katika madarasa yaleyale waliandika hukumu zinazonukuliwa hadi leo, na hilo halingewezekana kama ufundi wa sheria ungekuwa umeachwa.

Kitivo kiliathiriwaje na siasa za miaka ya 1960?

Kiliathiriwa kwa pande zote mbili, kwa kuwa siasa iliingia darasani na darasa likaingia mitaani. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewafanya wapokee asilimia 40 tu ya mshahara kwa muda mrefu wa utumishi huo. Bango moja lililosema kwamba afadhali wakati wa mkoloni lilimchoma Nyerere kuliko mengine yote. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, na wanafunzi karibu 400 wa chuo hicho na vyuo vingine wakarudishwa makwao. Wengi walikubaliwa kurejea baadaye.

Mwaka uliofuata hali iligeuka. Wanafunzi wenye mrengo wa kushoto, Watanzania na wageni, walianzisha umoja wao wa kimapinduzi ambao mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, na jarida lao, Cheche, lilichapisha mwaka 1970 uchambuzi wa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini. Mwezi Novemba mwaka huohuo umoja na jarida vyote viwili vilipigwa marufuku. Serikali iliyohimiza ujamaa haikufurahishwa na vijana waliotaka kuufafanua ujamaa bila idhini yake.

Je, Museveni na John Garang walisoma sheria hapo?

Hapana. Kosa hili hurudiwa mara nyingi kwa sababu wote wawili walipita Mlimani na wote wawili walishiriki mijadala ya wakati ule, lakini Museveni alisomea sayansi ya siasa na uchumi, na Garang, aliyekuja kuwa kiongozi wa mapambano ya Sudan Kusini, alikuwa mtu wa uchumi. Walter Rodney naye, anayetajwa mara nyingi pamoja na wanasheria wa Dar es Salaam, alifundisha historia. Mipaka ya idara haikuwazuia watu kuhudhuria mihadhara ya wenzao, na pengine ndiyo maana kumbukumbu zimechanganyika.

Ni Watanzania gani maarufu waliohitimu katika shule hii?

Orodha kamili ingechosha, kwa hiyo inatosha kutaja wachache kwa nyadhifa zao. Mawaziri wakuu wawili, Joseph Warioba, aliyehitimu mwaka 1966, na Mizengo Pinda, wa mwaka 1974, walisomea hapo. Maspika wa Bunge Samuel Sitta na Tulia Ackson pia, Dk. Tulia alikuwa mhadhiri wa shule hiyohiyo kabla ya kuingia bungeni, na mwaka 2023 alichaguliwa kuwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Asha-Rose Migiro alisoma na kufundisha hapo, kisha akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Julie Manning, mmoja wa wanawake wa kwanza wa Tanganyika kusoma sheria, aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975.

Kwa upande wa Mahakama, Barnabas Samatta, Augustino Ramadhani, Mohamed Chande Othman na Ibrahim Juma walikalia kiti cha Jaji Mkuu mmoja baada ya mwingine kuanzia mwaka 2000, na Profesa Juma alitoka moja kwa moja katika safu ya walimu wa sheria wa Mlimani. Maisha ya Ramadhani yangetosha watu watatu: alikuwa brigedia wa jeshi, Jaji Mkuu wa Zanzibar kabla ya kuwa wa Tanzania, rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na padri wa Kanisa la Anglikana. Chande Othman alipewa na Umoja wa Mataifa kazi ya kuchunguza kifo cha Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa umoja huo, ambaye ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1961.

Kitu kimoja hakimo katika orodha hiyo. Hakuna rais hata mmoja wa Tanzania, kuanzia Nyerere hadi Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mwanasheria kwa taaluma.

Je, wahitimu wa shule hii hufikiri kwa namna moja?

La hasha, na anayetaka ushahidi atazame masuala mawili, ardhi na katiba.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza matatizo ya ardhi, mwenyekiti wake akiwa Profesa Shivji. Tangu mwaka 1923 ardhi yote ya Tanganyika ilikuwa imewekwa chini ya mamlaka ya Gavana, na baada ya uhuru mamlaka hayo yalirithiwa na Rais. Tume ilipendekeza yaondolewe mikononi mwa serikali kuu, yagawanywe kati ya chombo huru cha taifa na mikutano ya vijiji. Serikali haikukubali. Aliyeitwa kuandaa rasimu ya sheria mpya alikuwa Patrick McAuslan, yule mwalimu wa mwaka 1961, na kazi yake ndiyo iliyozaa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, ambazo zimeacha ardhi ikiwa mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini. Shivji alizikosoa hadharani. Mwalimu wa mwanzo na mwanafunzi wa miaka ya mwanzo wa kitivo kimoja walisimama pande mbili za hoja inayomgusa kila mkulima wa nchi hii, na kila mmoja wao alitumia zana za Mlimani.

Katika katiba mgongano ulikuwa mkali zaidi, kwani uliwakutanisha wahitimu wenyewe kwa wenyewe mbele ya macho ya taifa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoanza kazi mwaka 2012 iliongozwa na Jaji Warioba, makamu wake akiwa Jaji Ramadhani, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo Profesa Palamagamba Kabudi na Dk. Sengondo Mvungi, wote wawili walimu wa sheria kutoka Mlimani, Dk. Mvungi alifariki mwaka 2013 kazi haijamalizika. Tume ilipendekeza Muungano wa serikali tatu. Bunge Maalumu la mwaka 2014, chini ya uenyekiti wa Samuel Sitta, lilipitisha Katiba Inayopendekezwa yenye serikali mbili, baada ya wajumbe wengi wa upinzani kutoka nje. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanyika hadi sasa. Upande wa upinzani nao ulikuwa na wanasheria wake kutoka shule hiyohiyo, Tundu Lissu akiwa mmoja wa waliosikika zaidi.

Jirani zetu Wakenya walifika walikokusudia mapema zaidi, na mkono wa Dar es Salaam ulikuwamo: Yash Ghai aliongoza tume ya mapitio ya katiba yao kuanzia mwaka 2000, na Mutunga akapewa kuisimamia Mahakama iliyotakiwa kuitekeleza katiba ya 2010.

Shule ilimsaidiaje mwananchi wa kawaida ambaye hakuwahi kuingia darasani?

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 kitivo kilikuwa na kamati ya msaada wa kisheria, ambamo walimu na wanafunzi waliwasikiliza wananchi wasio na uwezo wa kumlipa wakili, wakawaandikia nyaraka na kuwaeleza haki zao kwa Kiswahili. Kesi zilikuwa zilezile zinazojaza mahakama za mwanzo hata leo: mirathi, talaka na matunzo ya watoto, kuachishwa kazi, migogoro ya viwanja. Wengi walioanzisha mashirika ya haki za binadamu na ya msaada wa sheria katika miaka ya 1990 walipata uzoefu wao wa kwanza katika kazi ya namna hii.

Je, Shule Kuu ya Sheria ndiyo ileile Law School of Tanzania?

Siyo. Hizi ni taasisi mbili, ingawa zote zipo Dar es Salaam, na barua nyingi hupotea njia kwa sababu ya kuzichanganya. Shule Kuu ya Sheria ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada yake ya kwanza kwa sasa huchukua miaka minne. Law School of Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 2007, ikapokea wanafunzi kuanzia 2008, na kazi yake ni mafunzo ya vitendo kwa watu ambao tayari wana shahada ya sheria kutoka chuo chochote kinachotambuliwa. Anayetaka kusajiliwa kuwa wakili wa Tanzania Bara hupitia huko. Kabla ya hapo mhitimu alifanya mafunzo kazini, kisha usaili wa mdomo mbele ya Baraza la Elimu ya Sheria. Zanzibar ina mahakama zake na utaratibu wake wa kuwasajili mawakili, hivyo anayekusudia kufanya kazi Unguja au Pemba aulizie huko mapema.

Matokeo mabaya ya mwaka 2022 yalihusu shule gani?

Yalihusu Law School of Tanzania. Katika mtihani uliozua gumzo kubwa mwaka huo, watahiniwa walikuwa 633 na waliofaulu masomo yote walikuwa 26 tu; 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 wakaondolewa. Serikali iliunda kamati ya uchunguzi chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ambaye naye alikuwa mhadhiri wa sheria Mlimani kabla ya kuingia katika siasa. Watahiniwa walitoka vyuo vingi, kwa hiyo si haki kuitwisha lawama shule moja. Hata hivyo mjadala ulifufua swali ambalo vyuo vyote, Dar es Salaam ikiwamo, vinapaswa kulijibu: mwanafunzi anapomaliza miaka minne, anaweza kuandika na kujenga hoja kwa lugha ambayo atatumia kazini?

Kwa sasa, je, bado ndiyo shule bora ya sheria Tanzania?

Ndiyo kongwe kuliko zote, ndiyo yenye maktaba na jina lililojengwa kwa muda mrefu zaidi, na ushindani wa kuingia ni mkubwa. Lakini upweke wake uliisha katika miaka ya 1990, pale Chuo Kikuu Huria na vyuo vingine vya umma na vya binafsi vilipoanza kufundisha sheria, na leo ofisi za mawakili huajiri wahitimu kutoka vyuo vyote hivyo. Madarasa ya Mlimani yamekuwa makubwa mno ukilinganisha na yale ya watu wasiozidi 15, na mwalimu hawezi tena kumjua kila mwanafunzi kwa hoja zake. Mtaala pia umesogea kuelekea sheria za biashara, kodi, uwekezaji na teknolojia, kwa sababu uchumi wenyewe umesogea huko. Wapo wanaosikitika kwamba makali ya zamani yamepungua. Wapo wanaosema kwamba mhitimu anayejua kuandaa mkataba wa gesi asilia kwa niaba ya nchi yake anaitetea vilevile. Mwandishi anaona kwamba kundi la pili lina haki, ilimradi mhitimu huyo awe bado anauliza mkataba unamnufaisha nani.

Je, wanafunzi kutoka nchi nyingine bado wanakuja?

Wanakuja, hasa kwa shahada za juu. Mwaka 2008, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth cha Ujerumani, kilianzishwa hapo kituo cha pamoja cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, kinachopokea wanafunzi wa umahiri na uzamivu kutoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakenya, Waganda, Warwanda na Warundi wanakaa tena darasa moja na Watanzania, safari hii kwa ajili ya sheria za mtangamano wa kikanda.

Masomo hufundishwa kwa lugha gani?

Kwa Kiingereza. Hali hii inazidi kuleta ugumu, kwa kuwa mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Mwanzoni mwa mwaka huo Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu ya Musoma alikuwa ameandika kwa Kiswahili uamuzi uliomfanya Rais John Magufuli amsifu hadharani na kumpandisha kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Kutafsiri sheria zote za nchi ni kazi ya miaka, na hukumu za zamani ambazo wanafunzi huzitegemea ziko kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa sasa hujifunza kanuni kwa lugha moja, kisha akiwa kazini humweleza mteja, hakimu na shahidi kwa nyingine. Anayejiandaa kujiunga afanye mazoezi ya kuandika hoja ndefu kwa lugha zote mbili kabla ya muhula wa kwanza kuanza, kwani Mlimani atapimwa kwa Kiingereza, na mahakamani atatakiwa aeleweke kwa Kiswahili.